Gigabiti Ishirini na Tano Sebuleni

Juma hili naomba twende mbali kidogo, hadi mji wa Chattanooga, katika jimbo la Tennessee huko Marekani. Ni mji wa wastani, wenye watu wapatao 180,000, umekaa ukingoni mwa mto, na milima imeuzunguka. Wazee wa huko hawajasahau kwamba mwaka 1969 Walter Cronkite, mtangazaji mashuhuri wa televisheni, aliutaja kuwa mji mchafu kuliko yote Marekani kwa sababu ya moshi wa viwanda vyake. Basi mji huohuo, mwezi Agosti 2022, ulitangaza kwamba kila nyumba iliyo katika eneo la shirika lake la umeme, hata nyumba ya vyumba viwili, inaweza kuunganishiwa intaneti yenye kasi ya gigabiti 25 kwa sekunde. Bei yake ilikuwa dola 1,500 kwa mwezi.

Nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza swali ambalo nadhani hata wewe ungejiuliza: za nini? Silitaji swali hili kwa kejeli. Hivi leo hata katika miji yetu wapo mawakala wanaogonga milango na vipeperushi mkononi, kila mmoja akisema kasi yake imeipita ya mwenzake, na mwenye nyumba anasimama mlangoni akijiona mshamba kwa kutosheka na alichonacho. Kwa hiyo ni vizuri tukajua hizo namba zina maana gani, na mji ule ulizifikiaje.

Tuanze na hesabu. Chukua filamu moja yenye picha nzuri, ukubwa wake gigabaiti 5, yaani biti bilioni 40. Mwaka 1998 modemu ya kisasa kabisa ya kupigia simu ilikuwa na kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde. Kwa modemu ile, filamu hiyo ingechukua siku nane usiku na mchana, almuradi asitokee mtu wa kuinua mkono wa simu. Kwa megabiti 25 inachukua dakika 27. Kwa megabiti 100, haifiki dakika saba. Kwa gigabiti moja ni sekunde 40, na kwa gigabiti 25 ni sekunde moja na nusu na kidogo.

Hebu zitazame tena namba hizo. Aliyetoka megabiti 25 akaenda 100 ameokoa dakika 20, muda wa kutosha kupika chai na kuinywa. Aliyetoka gigabiti moja akaenda 25, akalipa dola 1,500 kwa mwezi, ameokoa sekunde 38. Kasi imeongezeka mara 25, lakini muda aliopewa arudishe mfukoni ni mdogo kuliko wa kufunga kamba za viatu viwili.

Zaidi ya hayo, siku hizi ni nani anayengoja filamu iingie yote ndipo aitazame? Filamu inakuja huku unaitazama, na macho yako hayawezi kuitazama upesi kuliko inavyokwenda. Netflix wenyewe, ambao hawana sababu ya kupunja, wanasema picha ya ubora wa juu kabisa inataka megabiti 15 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo gigabiti moja inatosha televisheni 66 kwa wakati mmoja, na gigabiti 25 zinatosha televisheni zaidi ya 1,600. Hata ukiwakaribisha ndugu wote wa ukoo wakati wa harusi, na kila mtu akaja na televisheni yake, hamtaifikisha.

Haya si maneno ya mezani tu. Mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal, likisaidiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na cha Chicago, lilipima matumizi ya intaneti katika nyumba za waandishi wake 53. Ilionekana kwamba hata pale nyumba ilipokuwa ikitazama vitu kadhaa kwa mpigo, ilitumia sehemu ndogo tu ya kasi iliyokuwa ikilipiwa. Na aliyelipia kasi kubwa hakupata picha nzuri ya kutofautiana na ya jirani aliyelipia ndogo.

Sasa lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji mlangoni. Mwaka 2010 mhandisi wa Google aitwaye Mike Belshe alifanya majaribio ya kufungua kurasa za intaneti kwa kasi mbalimbali. Akaona kwamba ukipanda kutoka megabiti moja hadi mbili, tatu, unaona nafuu kubwa. Ukishapita megabiti tano, nafuu inakuwa haba. Kilichoendelea kuleta nafuu kila kilipopunguzwa ni muda wa ishara kwenda na kurudi, yaani ule muda kati ya kuuliza na kujibiwa. Ukurasa mmoja una maswali na majibu mengi ya kupelekana, na kila swali lina safari yake.

Sisi wa pwani hii tunalijua jambo hili kwa uzoefu, hata kama hatukulipa jina. Kabla ya mwaka 2009 intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti zilizoko kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali lipande, lishuke, na jibu lipande tena na kushuka: ni kilomita 144,000, karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga, kabla kompyuta ya upande wa pili haijafanya kazi yoyote. Ndiyo maana mazungumzo ya simu yalikuwa ya kukatizana, huyu anaanza kusema kabla maneno ya mwenzake hayajafika. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipowashwa, ukitua Mombasa na Dar es Salaam, na baada yake TEAMS mwaka huohuo na EASSy mwaka 2010, safari ilifupika ghafla. Mwanga ndani ya kioo huenda kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda kilomita 10,000 na kurudi ni moja ya kumi ya sekunde. Watu walisema kasi imeongezeka, na kweli iliongezeka, lakini sehemu kubwa ya raha waliyoiona ni kwamba umbali ulikuwa umepungua.

Umbali huo gigabiti hazipunguzi. Mtu wa Chattanooga mwenye gigabiti 25, akifungua kitu kilichohifadhiwa Mombasa, atangoja mwanga uvuke bahari sawasawa na jirani yake mwenye megabiti 100. Tena kabla haujafika baharini una kazi ya kutoka sebuleni mwake, kwa sababu kompyuta nyingi za nyumbani zina tundu la waya la gigabiti moja, na waifai ikishapita kuta mbili za matofali hubaki na sehemu tu ya ilichopewa. Ni kama kuvuta bomba la maji la inchi kumi mpaka mlangoni, kisha ndani ukaacha bomba lilelile la nusu inchi.

Mpaka hapa nadhani msikilizaji ameshanielewa kuwa mimi ni mpinzani. Lakini historia inanikataza kukimbilia hukumu, na historia yenyewe ni ya Chattanooga.

Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt aliunda Mamlaka ya Bonde la Tennessee, TVA, ijenge mabwawa, izuie mafuriko na iuze umeme kwa bei rahisi. Makampuni binafsi ya umeme yalipinga kwa nguvu. Kiongozi wao alikuwa Wendell Willkie, mkuu wa Commonwealth & Southern, iliyomiliki kampuni ya umeme ya Tennessee; huyu ndiye aliyekuja kugombea urais dhidi ya Roosevelt mwaka 1940. Moja ya hoja za wapinzani ilikuwa kwamba bonde lile la wakulima maskini halina haja ya umeme wote ule. Utawashia nini? Nyumba nyingi zilizokuwa na umeme wakati huo zilikuwa na taa tu. Hazikuwa na soketi za ukutani, na mwenye pasi alilazimika kutoa balbu na kuchomeka waya pale darini.

TVA ikafanya kinyume cha kawaida. Badala ya kungoja haja ionekane ndipo ishushe bei, ilishusha bei ndipo haja ionekane. Uniti 50 za kwanza ziliuzwa senti tatu kila moja, wakati wastani wa nchi ulikuwa zaidi ya senti tano. Na kwa kuwa umeme rahisi haumfai asiye na kitu cha kuwasha, mwaka 1934 serikali iliunda chombo cha kuwakopesha watu fedha za kununulia majokofu na majiko ya umeme. Haikupita miaka mingi, watu waliodhaniwa hawahitaji zaidi ya balbu mbili wakawa wanatumia umeme kuliko wenzao wa miji mikubwa. Willkie alishindwa mahakamani mwanzoni mwa mwaka 1939, na mwaka huohuo kampuni ya Tennessee ikauzwa kwa TVA na miji ya bonde lile kwa dola milioni 78.6. Wapiga kura wa Chattanooga walikuwa wamekwisha kuchagua umeme wa umma mwaka 1935, na shirika lao, EPB, likachukua waya za mji. Hilo ndilo shirika ambalo leo linauza gigabiti 25.

Basi si ajabu kwamba watu wa EPB, ukiwauliza nyumba ina haja gani na kasi yote ile, hawashtuki. Swali hilo babu zao waliulizwa.

Tena wanao ushahidi mwingine. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakiwa katika maabara moja ya simu kule Harlow, Uingereza, walipoandika kwamba uzi wa kioo safi unaweza kubeba mazungumzo kwa njia ya mwanga, kioo cha wakati ule kilikuwa kikimeza karibu mwanga wote ndani ya mita 20 hivi. Kao alipewa nishani ya Nobel mwaka 2009. Hata serikali zimekuwa zikihama katika kusema kiasi gani kinatosha. Mwaka 1999 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani iliita kilobiti 200 kuwa ni intaneti ya kasi. Mwaka 2010 ikasema megabiti 4, mwaka 2015 ikasema 25, na mwaka 2024 ikasema 100. Aliyesema mwaka 1999 kwamba kilobiti 200 zinatosha daima, leo anaonekana kichekesho.

Hata hivyo mfano wa umeme una mahali unapokatikia. Kila kifaa kipya kilichoingia nyumbani kilidai umeme wake juu ya ule wa zamani: pasi, kisha jokofu, kisha jiko, kisha kiyoyozi. Jokofu halichoki kula. Intaneti ya nyumbani, kwa upande mwingine, mwisho wake ni macho na masikio ya watu waliomo, na idadi ya macho haiongezeki kwa kubadilisha kifurushi. Kadhalika wataalamu kila miaka michache wanabuni njia mpya ya kuibana video ipite katika nafasi ndogo zaidi, kwa hiyo picha ileile inataka biti chache kuliko zamani. Na umeme ule wa ziada wa TVA, tukumbuke, haukumalizwa na majokofu. Vita vilipokuja, ulimezwa na viwanda vya alumini na mitambo ya siri ya Oak Ridge iliyokuwa ikitayarisha bomu la atomiki. Mabwawa yalihitajika, lakini si kwa sababu ya sebule za watu.

Hapo ndipo habari ya EPB inapokuwa tamu kuliko tangazo lake. Shirika lile halikuvuta nyuzi za kioo ili watu watazame filamu. Ni shirika la umeme, na lilitaka waya zake za umeme ziwe na akili. Wauzaji wa televisheni ya waya, Comcast mmojawapo, walilishitaki mwaka 2007 na 2008, wakidai kwamba lingetumia fedha za wateja wa umeme kugharimia biashara hiyo kinyume cha sheria, wakashindwa. Mwaka 2009 Wizara ya Nishati ya Marekani ililipatia dola milioni 111.5 kutoka katika fedha za kufufua uchumi. Likafunga swichi zinazojiendesha karibu 1,200, zote zikizungumza kupitia nyuzi hizo. Mti ukiangukia waya wakati wa dhoruba, swichi zinatambua kipande kilichoharibika, zinakitenga, na kuwapitishia wengine umeme kwa njia nyingine, pengine kabla mwenye nyumba hajainuka kutafuta mshumaa. Msikilizaji anayeukumbuka mgao hahitaji kuelezwa thamani ya kitu hicho. Mwanauchumi Bento Lobo wa Chuo Kikuu cha Tennessee kilichoko Chattanooga alikadiria faida iliyopatikana kwa miaka kumi ya kwanza kuwa dola bilioni 2.69, na sehemu ya fedha hizo ni ya umeme usiokatika.

Gigabiti zilikuja kama ziada. Nyuzi zilikuwa zimekwisha kufika kila nyumba, na uzi wa kioo haujali kama unapitisha megabiti kumi au gigabiti kumi; kinachobadilika ni visanduku vya huku na huku. Septemba 2010 EPB ikawa ya kwanza Marekani kuuza gigabiti moja kwa kila mteja wa eneo zima, kwa dola 350 kwa mwezi. Harold DePriest, mkuu wake wa wakati ule, alikiri mbele ya waandishi kwamba hawakujua kitu kama kile kiuzwe bei gani, wanajaribu tu. Naupenda ukweli wa mtu huyu. Walionunua walikuwa wachache mno. Bei iliposhuka hadi dola 70 hivi, mwaka 2013, ndipo watu wakaanza kujiandikisha kwa wingi. Gigabiti 10 zikafuata mwaka 2015, kwa dola 299. Na zilipokuja 25 mwaka 2022, mteja wa kwanza aliyetangazwa hakuwa na sebule kabisa. Lilikuwa jengo la mikutano na maonyesho la mji, ambamo maelfu ya watu huingia siku moja na kila mmoja ana simu mkononi.

Siwasahau wanaoweza kuwa na haja ya kweli nyumbani. Yupo mhariri wa video anayetuma faili kubwa kila jioni, na daktari anayesoma picha za eksirei usiku akiwa kwake. Hawa mara nyingi shida yao ni kupeleka kuliko kupokea, maana waya za zamani za televisheni zilitengenezwa kwa mtu wa kupokea tu, na kasi ya kupeleka ikaachwa ndogo sana. Uzi wa kioo unaweza kwenda kasi sawa pande zote mbili. Huo ndio ubora ningeuulizia kwanza wakala akigonga mlango wangu, na hata hapo megabiti mia chache zingetosha.

Lakini jaribio kubwa kuliko yote katika mji ule halikuhusu gigabiti. Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ilionekana kwamba katika mji huu uliojiita mji wa gigabiti, miaka kumi baada ya sherehe, maelfu ya wanafunzi hawakuwa na intaneti nyumbani. Uzi ulipita nje ya madirisha yao. Fedha ya kulipia ndiyo haikuwapo. Wapo waliokwenda na wazazi wao kukaa ndani ya gari kwenye maegesho, wakivizia waifai ya watu. Julai mwaka huo EPB, halmashauri na wafadhili wakaanzisha mpango wa kuwaunganisha bure wanafunzi wote wa familia za kipato cha chini, wapatao 28,000 kwa hesabu ya waliostahili. Kasi waliyopewa ni megabiti 100 kwenda na kurudi. Ni sehemu moja ya 250 ya ile ya tangazo la 2022, na watoto walisoma.

Nikipima mambo haya mawili kwenye mizani moja, naona kwamba tumezoea kuuliza nyumba moja inaweza kwenda kasi gani, na tunachelewa kuuliza nyumba ngapi hazijaanza kwenda. Swali la kwanza lina matangazo, lina namba za kushindania baina ya mji na mji. La pili halina mtu wa kulitangaza.

Na lipo eneo jingine la kutazama, pale waya za umeme za EPB zinapokoma. Sheria ya Tennessee inalikataza shirika la umeme la mji kuuza intaneti nje ya eneo lake la umeme. Ng'ambo ya mstari huo walikuwapo wakulima na wenye vijiduka waliokuwa wakitumia simu ya waya ya kizamani au setilaiti, na EPB ilikuwa tayari kuwafuata. Ikaomba ruhusa. Februari 2015 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ikaipa ruhusa, ikisema sheria ya jimbo inazuia ushindani. Agosti 2016 mahakama ya rufani ikaitengua: Tume haina mamlaka ya kuliamulia jimbo juu ya miji yake. Mwaka 2017 jimbo likapitisha sheria mpya iliyofungua mlango kwa vyama vya ushirika vya umeme vya vijijini, lakini mashirika ya miji yakaachwa yalipokuwa. Agosti 2022 EPB ilipowatangazia watu wake gigabiti 25, mpaka ulikuwa palepale.